Mzinga wa Mihambo na Maua ya Mjakaranda

Kaeni mnisikilize, na mwenye jibu alishike mpaka nimalize.

Mihambo, mrina asali, alifariki akamwacha mjane wake, Kalunde, na mzinga mmoja mtupu. Nyuki walikuwa wamehama pori lilipofyekwa. Kwa desturi ya nyumba ile, mzinga hurithiwa na mtoto mmoja tu, naye mama humchagua kwa kumkabidhi sega la kwanza. Watoto walikuwa watatu: Nyamizi alijua mbegu, Kasanda hakujua kuchoka, na Maganga alikuwa mbishi kupindukia. Kalunde mwenyewe alikuwa mkavu. Hakulia msibani, na tangu hapo uji na maji vilikuwa na ladha moja kinywani mwake.

Ili nyuki warudi, Nyamizi akaleta mbegu za mjakaranda. Majirani waliuita mkrismasi, lakini walikosea: mkrismasi huchanua maua mekundu, mjakaranda huchanua ya zambarau. Mama alizifukia mbegu kama mahindi, zikaoza. Nyamizi akazitandaza nyingine juu ya udongo, akazinyunyizia mchanga kidogo tu. Moja ikaota.

Kiangazi kikaja, kisima kikakauka. Kila alfajiri Kasanda akateka maji bondeni na kuumwagia mche ndoo nzima.

"Na wewe unaoga nini?" Nyamizi akamtania.

"Naoga jasho, dada."

Miaka ikapita, mti ukarefuka bila ua hata moja. Kuni zilipokwisha, Kalunde akachukua shoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa na chungu cha kupika. Maganga akaukumbatia mti.

"Ondoka hapo, we mtoto."

"Anza na mimi, mama. Mimi nitawaka vizuri zaidi."

Kalunde akalitua shoka, akarudi ndani. Siku hiyo walikula kiporo, tena cha baridi.

Mwaka uliofuata mjakaranda ukachanua. Nyuki wakaja, wakaingia mzingani.

Siku ya kurina, watoto wakaketi mbele ya mama yao. Kalunde akalishika sega, na nyuki mmoja akamchoma kiganjani. Akashtuka: kumbe bado anaweza kuumia! Akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka, mkono ameunyoosha asijue aupeleke kwa nani.

Asali inachuruzika, jamani. Ungekuwa wewe ndiye Kalunde, sega hilo ungempa nani?