Mshale Usio na Manyoya

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi yaliyopita, kwamba katika mji wa mpakani ulioitwa Ainu Sidri aliishi mshona matandiko ya farasi, jina lake Hudhaili. Alikuwa mcha Mungu mwenye sifa njema, na alijivunia jambo moja: kwa miaka ishirini hakuwahi kushona mshono uliopinda. Binti yake Rumaisa alipougua homa hadi majirani wakaanza kumtazama baba kwa macho ya huruma, Hudhaili aliweka nadhiri. Mola akimponya mtoto, atalinda mifugo ya wajane na mayatima kule bondeni mwaka mzima bila ujira. Mtoto akapona. Sasa nadhiri ikawa shingoni mwake, bondeni kuna mbwamwitu, naye hajapata kushika upinde tangu azaliwe.

Katika mji ule hakuna aliyepewa zamu ya ulinzi mpaka Bibi Lubaba amshuhudie mbele ya amiri wa walinzi kwamba anauweza upinde. Bibi huyu alikuwa mchonga pinde, mjane mkongwe. Macho yake yalikuwa yamefifia, akabaki kutambua mwanga na giza tu, lakini ulimi wake haukufifia hata kidogo. Desturi yake ilikuwa kumwanzisha mwanagenzi kwa mshale ulionyofolewa manyoya.

"Manyoya yana huruma mno," alikuwa akisema. "Upinde ukikosea, yenyewe yanaunyosha mshale njiani, nawe unajiona bingwa. Huu mtupu hausitiri mtu. Utatuonyesha kasoro, nasi tutaitengeneza."

Mwanagenzi alipiga kwa umbali wa hatua kumi. Mshale ukikita kwenye kitita cha majani makavu ukalala sawa, upinde uko tayari. Mkia ukiinuka au ukiinama, kuna la kurekebisha. Na kwa kuwa Bibi hakuona, alikwenda mwenyewe kuupapasa kwa vidole.

Siku ya kwanza mshale wa Hudhaili ulikita mkia juu. Bibi alikuwa bado anakuja taratibu na mkongojo wake, na Hudhaili aliyetangulia kufika akaona haya. Yeye, fundi wa mishono iliyonyooka! Akanyoosha mkono, akaushusha mkia kidogo, akasogea kando.

Bibi Lubaba akapapasa. Akarudia kupapasa.

"Vidole vyangu vinaniambia umelala sawa. Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Alhamdulillahi," akajibu Hudhaili, maana hakutaka kusema uongo.

Ikawa hivyo siku nne. Kila siku mkia uliinuka, kila siku mkono uliushusha, na kila siku Bibi aliuliza swali lile lile akapewa jibu lile lile. Upinde haukuguswa, kwa kuwa hakuna aliyekiri kwamba una kasoro.

Alhamisi alasiri Hudhaili alikwenda peke yake uwanjani na mishale yenye manyoya. Aliangika ngozi ya mbuzi, akasogea mbali kiasi cha hatua arobaini, akapiga. Mishale ilitikisa mikia angani ikapita juu ya ngozi, mmoja baada ya mwingine. Aliwaza kondoo wa wajane, akawaza mbwamwitu. Magharibi aliposimama kuswali, akafika pale waja wanapoomba kuongozwa kwenye njia iliyonyooka, ulimi ukamgomea. Alirudia mara tatu ndipo akaendelea.

Ijumaa, baada ya sala, amiri wa walinzi aliwaita watu uani mwa msikiti. Bibi Lubaba akasimama kwa mkongojo wake.

"Nashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu..." akaanza, kisha akanyamaza kana kwamba anamsubiri mtu.

Hudhaili alijua kwamba akisema sasa, huenda amiri akamrudisha nyumbani hadi mwaka ujao, na nadhiri yake itabaki inaning'inia. Hata hivyo akainuka.

"Bibi, nakuomba usishuhudie. Mshale wangu haukulala sawa hata siku moja. Niliunyosha kwa mkono kabla hujafika."

Watu wakaguna. Bibi Lubaba akashusha pumzi ndefu.

"Hatimaye! Ulidhani ningeshuhudia nini wewe? Mshale uliolala sawa tundu lake hubana pande zote. Lako lilikuwa wazi upande mmoja, na kidole changu kilikuwa kinaingia. Nilitaka kuwaambia kwamba mtu huyu bado." Kisha akalainisha sauti. "Hukuniambia uongo, mwanangu. Ulichukua sifa za Mola wako ukanifunikia macho, na macho yenyewe sina."

Hudhaili akalia mbele ya watu, wala hakuficha uso.

Amiri akatazama jua. "Siku bado ndefu," akasema. "Twendeni uwanjani."

Pale uwanjani Bibi Lubaba alipapasa ugwe wa upinde, akaupata uzi mwembamba uliofungwa kuonyesha mahali pa kukaa mshale. Akaushusha kwa unene wa punje moja ya mtama. Hudhaili akapiga, mkia ukainuka kidogo. Bibi akaushusha uzi punje nyingine. Hudhaili akapiga tena, kisha akarudi nyuma, mikono ameifunga mgongoni. Bibi akaenda peke yake, akapapasa, akatabasamu.

"Huu umelala. Na tundu limebana."

Hudhaili alilinda bondeni mwaka mzima, na katika mwaka huo alipotea mwanakondoo mmoja tu. Bibi Lubaba alipofariki, Mola amrehemu, yeye ndiye aliyewafundisha wanagenzi. Walipokimbilia kitita, aliwapigia kelele kutoka nyuma, "Usiuguse! Uache ulivyo!"

Ndugu zangu, kasoro yenyewe ilikuwa unene wa punje mbili za mtama, na tiba yake haikuzidi muda wa kupiga mishale miwili. Siku nne zilipotea kwa sababu ya mkono. Nasi tumeishusha mikia mingapi, kisha tukasema alhamdulillahi? Ewe Mola, utujaalie kuiacha ilivyokita, mpaka afike wa kututengeneza.