Bibo Lisilo na Mbegu

Sogeeni, wanangu, ngano haisimuliwi kwa mbali. Hapo kale korosho ilikaa ndani ya bibo, kama kokwa ndani ya embe, na mkorosho ulikuwa mmoja tu duniani, tena wa zimwi.

Mwaka wa njaa, mwanamke mmoja, Mwanarusi, akaenda kwenye mti huo na wanawe wawili, mdogo kambeba mgongoni. Zimwi likanguruma, "Kuleni mshibe, lakini mbegu haitoki hapa!"

Wakala, wakashiba. Mwanarusi akaukumbatia mti. "Ahsante, mama. Umenilishia wanangu." Hakuna aliyewahi kuushukuru mti ule.

Siku ya kwanza alificha mbegu kwenye pindo la nguo. Langoni zimwi likapekua, likaiona. Siku ya pili akaificha nyweleni, likaiona. "Mara ya tatu nakumeza!"

Siku ya tatu hakuficha kitu. Alishukuru tu, kama kawaida yake. Mti ukatetemeka, ukamdondoshea bibo jekundu, mbegu ikining'inia nje, chini ya tunda.

Langoni zimwi likalipasua, likachungulia ndani. Nyama tupu!

"Na hiki cha nje?"

"Si unakiona mwenyewe, bwana?"

"Aa, kikonyo tu. Pita!"

Mwanarusi akaipanda mbegu, mkorosho ukaota, ukazaa. Bibo la kwanza hakulionja. Alilirudisha kule kule. Zimwi likalipasua, likachungulia. "Halina mbegu. Pita!"

Akaliweka shinani taratibu. "Mama," akanong'ona, "nimekuletea mjukuu."