Bi Saliha Amwomba Radhi Mkaza Mwana Wake

Inasimuliwa kwamba katika zama za kale, katika nchi ya China, alikuwapo mjane mcha Mungu akiitwa Bi Saliha, wa ukoo wa Ding. Alifuga viwavi wa hariri pamoja na mwanawe Yunusi na mkewe Yunusi, Wanru. Waumini wa mji ule walikuwa wachache, na desturi za nchi ziliwatawala kama zilivyowatawala majirani zao: neno la mama mkwe halikujibiwa, na mke aliyelijibu aliweza kuachwa kwa kosa hilo tu.

Mwaka mmoja viwavi wote wakafa kwa siku tatu. Bi Saliha, kwa uchungu, akasema Wanru amewalisha majani ya mforosadi yaliyolowa. Wanru akainamisha kichwa asiseme kitu. Yunusi, kwa amri ya mama yake, akampa talaka. Wanru akarudi kwa kaka yake, akapewa banda la kuni alale humo, kwani mwanamke aliyeachwa alihesabiwa aibu ya nyumba.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, jirani alimkuta Bi Saliha akiwalisha viwavi.

"Dada, mbona majani yanachuruzika maji? Utawaua hawa!"

Bi Saliha akayaleta karibu na macho, asione tone. Akayapitisha shavuni, akahisi baridi ya umande. Ndipo alipokumbuka kwamba hata mwaka jana malisho ya alfajiri yalikuwa yake, na macho yake yalikwisha anza kufifia.

Akasali, akaomba maghufira, lakini moyo haukutulia. Alijua kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe aridhie.

Yunusi akamsihi, "Mama, tumwite kimya kimya. Tangu lini mkwe akamwomba radhi mkaza mwana? Watu watatucheka."

"Nilimdhulumu mbele za watu, mwanangu. Siwezi kumwomba radhi mafichoni."

Akatembea kwa fimbo kutwa nzima. Akamkuta Wanru akitwanga mpunga uani, kaka yake na majirani wakiwapo. Yule bibi akaketi chini mavumbini.

"Viwavi niliwaua mimi," akasema. "Macho yangu hayakuona maji. Nimekuja unisamehe, na ukikataa ni haki yako."

Wanru akaacha mchi, akaketi kando yake. "Nimekusamehe, Mama. Yale majani niliyaona."

"Uliyaona! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa ulimi gani, Mama? Ningeachwa kwa kusema kama nilivyoachwa kwa kunyamaza."

Bi Saliha akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya kumzika mumewe.

Eda ilikwisha pita zamani, basi Yunusi akaja kuposa upya. Wanru akakubali kwa sharti moja: akisema katika nyumba ile, asikilizwe. Wa kwanza kuitikia alikuwa Bi Saliha. Tangu hapo akawa anamtaka shauri hata mbele ya wageni, na wazee wa ukoo wakanung'unika wakachoka.

Ndugu zangu, subira ya Wanru inastahili kusifiwa. Lakini tumtazame pia yule bibi, ambaye desturi yote ya nchi ilimkinga asiulizwe, naye akajiuliza mwenyewe. Nasi tuangalie majumbani mwetu: ni nani anayeliona kosa letu akaogopa kutuambia? Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe watu ambao wenzao huogopa kuwaambia haki.