Kamati ya Kumwokoa Chepe

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, tumbili mmoja aitwaye Mama Chepe alikuwa na mtoto mmoja tu. Siku moja Chepe akatumbukia kwenye shimo refu ambalo watu walilichimba kutegea nguruwe. Mvua ikanyesha. Maji yakaanza kujaa shimoni.

Mama Chepe akanyoosha mkono. Haukufika. Akapiga yowe.

Wakaja watatu: Nyani, Kima, na Mbega mwenye manyoya marefu meupe.

"Tushikane mikono," akasema Mama Chepe. "Tukishikana wote wanne tutamfikia."

"Pole sana, dada," akasema Nyani. "Lakini mambo hayaendi hivyo hivyo. Lazima tuunde kamati."

Wakaenda kukaa chini ya jiwe kubwa, mahali pakavu. Mvua wanaijua, hao!

Chepe akalia, "Mama, maji yako magotini!"

Mama mbio kwenye kamati.

"Tulia," akasema Nyani. "Mwenyekiti tumeshapata. Ni mimi."

Chepe akalia, "Mama, maji yako kiunoni!"

Mama mbio kwenye kamati.

"Usitukatize," akasema Kima. "Tunachagua katibu."

"Mimi kusaidia napenda sana," akasema Mbega, "ila manyoya haya nimeyachana leo asubuhi."

Chepe akalia, "Mama, maji yako shingoni!"

Mama mbio kwenye kamati. Akawakuta wameuzunguka mkungu mzima wa ndizi mbivu.

"Ndizi hizi za nini?"

"Za matanga," akasema Nyani kwa sauti ya huzuni. "Kamati imeamua mwanao azikwe kwa heshima."

"Mwanangu yuko hai!"

"Tunajiandaa mapema, mama."

Jamani, mikono sita! Kumshika mtoto ilikuwa mizito. Kubeba mkungu wa ndizi ikawa myepesi.

Basi akapita Ngiri. Huyo ndiye wanakamati waliyemcheka kila siku kwa sura yake. Mikono hana hata mmoja. Pole hakusema.

"Sogea, dada, usije ukaanguka na wewe," akasema.

Akapiga magoti kwenye tope, akachimba ukingo wa shimo kwa meno yake. Akachimba, akachimba, akachimba. Ukingo ukabomoka, ukawa mteremko. Chepe akapanda huku anakohoa, tope mpaka kwenye nyusi.

Mama Chepe akampakata mwanawe, akamwita Ngiri, wakaenda wote kwenye kamati. Wakamkuta Nyani amesimama, anahutubia.

"Marehemu alikuwa mtoto mwenye adabu..."

"Marehemu ana njaa," akasema Mama Chepe.

Chepe akakaa kitako katikati ya wanakamati. Akamenya ndizi ya matanga yake mwenyewe, akala. Nyingine akampa mama yake. Nyingine akampa Ngiri. Wakala mpaka mkungu ukabaki mtupu.

"Sasa sisi tutakula nini?" akauliza Mbega.



Wenzangu, ukimkuta mtu shimoni, mpe mkono kwanza. Usimpe pole ukaondoka. Usimwitie kikao. Na kama mkono wako haufiki, shika wa mwenzako, mfike wote.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Mwenye mikono aiokote.