Unga wa Penseli na Kwaya ya Subilaga

“Paka, kisha futa, kibakicho ndicho kiimbacho.”

Ndivyo mama yenu alivyomwambia Lugano asubuhi, baada ya Lugano kutusomea hotuba yake ya harusi, ndefu mpaka chai ikapoa. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni nini hicho kinachopakwa na kufutwa. Kaeni basi niwaeleze. Methali hii hatukuirithi kwa wahenga. Ilianzia hapa hapa Tukuyu, nyumbani kwa jirani yangu Asajile, na mimi nilikuwapo.

Asajile alikuwa fundi redio. Mkewe, Subilaga, alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, nami niliimba sauti ya pili. Alikuwa na masikio ya ajabu. Mtu akiteleza kidogo kule mstari wa nyuma, yeye alimtazama tu akatabasamu, na yule akajirekebisha bila kuaibishwa. Lakini mwaka huo masikio yake yalianza kuchoka. Alisema anatusikia, ila sauti zote nne zinamfikia zimeshikana kama ugali. Akadhani tumelegea, akawa anatuomba tuongeze sauti, nasi tukaongeza. Wimbo wa Pasaka ukazidi kuwa mzito, na hakuna aliyejua umeharibikia wapi.

Wazee wa kanisa walimpenda, kwa hiyo hawakumsema pembeni. Walitafuta blanketi zuri la kumuaga nalo, na Mzee Mwaisumo akaenda kumweleza kwa upole kwamba wimbo usiponyooka kufikia Ijumaa Kuu, watampumzisha na kwaya itapewa mtu mwingine. Subilaga alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Asajile hakuwa mtu wa maneno ya faraja. Faraja yake ilikaa mikononi. Alirekodi mazoezi yetu kwenye kaseti, mkewe akayasikiliza kwa spika, halafu kwa hedifoni za kawaida. Ulikuwa ugali ule ule. Hapo ndipo Asajile alipoamua kutengeneza hedifoni za namna nyingine, alizowahi kuzisoma katika gazeti la mafundi. Hizo hazina sumaku wala karatasi nzito ya kutikisika. Ndani yake mna utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, umewambwa katikati ya vibati viwili vyenye matundu. Umeme mkali hukaa kwenye utando, muziki hupita kwenye vibati, na utando huvutwa huku na huku. Kwa kuwa hauna uzito, hata mwimbaji akivuta pumzi utasikia.

Nilikuwa napita kumtazama akifanya kazi, na hata leo nikikumbuka nastaajabu. Vibati alivikata kwenye uso wa redio mbovu, akasugua kila tundu kwa msasa lisibaki na ncha. Utando ulikuwa nailoni ya kufunikia chakula. Aliuwamba kwenye fremu ya kudarizi ya mkewe, akiuvuta kidogo kidogo kila upande kama sisi tunavyovuta kitambaa, halafu akaupuliza aone unavyotetemeka. Mito ya masikio nilishona mimi, kwa kitenge na sufi. Umeme wenyewe ulikuwa wa kuua, kwa hiyo mashine ya kuuzalisha aliifungia ndani ya sanduku la mbao, akalitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Sasa, nailoni haishiki umeme mpaka ipakwe kitu. Alisaga unga mweusi wa penseli ukawa laini kama poda, akampa kazi ya kuupaka Sekela, dada mkubwa wa Subilaga, kwa sababu alikuwa na vidole vyepesi. Na Sekela, wanangu, alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kwake hukuweza kumaliza sahani. Ukiikinga kwa kiganja, anamimina juu ya kiganja. Asajile alimwonyesha namna ya kupaka kwa pamba, akamwambia kisha afute karibu wote, halafu akaitwa nje na mteja.

Sekela akapaka. Ilipofika kufuta, moyo ukakataa. Mdogo wake yuko matatani, halafu apewe unga wa kufutwafutwa? Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka utando ukang'aa mweusi kama chungu kipya, akaufunika kwa vibati; Asajile aliporudi akaunganisha umeme bila kuuchungulia.

Jioni ile Subilaga alizivaa hedifoni. Zikanguruma, zikatoa milio ya ta-ta-ta kama mahindi kikaangoni, na kwaya yetu ikasikika kama watu wanaoimba ndani ya debe. Akazivua polepole.

“Basi, Baba Tupokigwe,” akamwambia mumewe. “Blanketi si baya. Tukuyu kuna baridi.”

Asajile alifungua, akauona ule weusi. Sekela alikuwa amesimama pale pale, vidole vyake bado vyeusi, na mimi nikaogopa kwa niaba yake. Neno moja tu lingetosha kumvunja. Asajile akamvutia kigoda.

“Shemeji, mkono wako ndio unaoujua unga huu. Nisaidie kuufuta.”

“Niufute? Kumbe mdogo wangu aliolewa na mtu mchoyo hata wa penseli?”

Asajile akacheka. “Umeme ukipata njia pana, wote hukimbilia mahali pamoja na kupiga kelele. Nataka utulie kila mahali. Futa mpaka uone hujabakisha kitu.”

“Na kama kweli sijabakisha?”

“Utakuwa umebakisha. Hicho ndicho kitakachoimba.”

Sekela alikaa, akafuta. Alibadilisha pamba hii na ile, akinung'unika kwamba majirani wakimwona watasema anamnyima ndugu yake. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa kama moshi, mwisho utando ukarudi kuwa kama maji, nikaona maua ya kitambaa cha meza kupitia kwake. Asajile akaufunga tena kati ya vibati, akafungua sanduku, akaunganisha, akafunga kufuli, akampa mkewe.

Subilaga alifumba macho. Kisha akainua kidole kimoja, akainua cha pili, cha tatu, cha nne. Sauti zilikuwa zimeachana.

“Huyu ni Bupe,” akasema taratibu. “Anaimba vizuri kabisa. Kwa nini nilimwambia aongeze?” Akasikiliza mpaka mwisho, akazishika hedifoni kwa mikono yote miwili. “Hakuna aliyekosea. Wote wanaimba sawa, ila wanaimba mno. Mimi ndiye niliyepaka.”

Akamtazama dada yake, wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Mazoezi yaliyofuata, Subilaga alianza kufuta. Sauti ya nne akainyamazisha ubeti wa kwanza. Sisi wa sauti ya pili akatuambia tuvumishe tu, midomo imefungwa. Madoido yote tuliyoyapenda akayatoa. Tulilalamika kwamba wimbo utabaki uchi. Yeye alijibu kwa maneno ya mumewe, kwamba kitakachobaki ndicho kitakachoimba.

Ijumaa Kuu tuliimba. Tulipomaliza, tulisikia hata manyunyu juu ya bati. Mzee Mwaisumo alimngoja Subilaga mlangoni, blanketi mkononi, na mfukoni karatasi za hotuba ya kuaga, nilizoziona zikichungulia. Alizigusa, akazisukuma ndani. Akalikunjua blanketi, akamfunika mabegani.

“Mwalimu,” akasema, “mazoezi ni Jumatano, kama kawaida?”

“Ndaga, mzee,” Subilaga akamshukuru. “Ni Jumatano.”

Sekela, aliyekuwa kando yangu, aliziona karatasi zile zilivyozama mfukoni. Akaninong'oneza maneno ambayo mji mzima ulikuja kuyajua, na ambayo wewe, Lugano, utayakumbuka ukikaa tena na hotuba yako: paka, kisha futa, kibakicho ndicho kiimbacho.