Punje ya Mwanga na Siwa ya Malkia

Hapo zamani, babu yangu hajazaliwa lakini mimi nilikuwepo, Malkia Mwana Zaina alikuwa bingwa wa kudarizi kofia. Macho yakazeeka. Akatangaza: "Atakayenipa mwanga unaokwenda moja kwa moja kwenye tundu la sindano, siwa yangu italia harusini kwake!"

Siwa ni baragumu la pembe, hupulizwa kwa wakubwa tu. Nayo ni moja.

Basi mafundi watatu, wanyonge wote, kila mmoja alikuwa na binti wa kuolewa Ijumaa ile ile.

Wa kwanza Shekuwe, mpika shanga. Alipika jiwe siku saba, akatoa punje ndogo mno: weka elfu juu ya kope ya sisimizi, hapepesi. Nilizihesabu mwenyewe. Punje ikionja jua, hutoa mwanga wa kijani. Lakini hafifu, tena umetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Lete hapa," akasema wa pili, Fumo sonara. "Dhahabu itaufunza adabu." Akafua vijipembe viwili vya dhahabu, vidogo kama punje yenyewe, akaibana katikati.

Giza! Dhahabu imeumeza mwanga wote.

"Umeiua punje yangu, we Fumo!"

"Haijafa. Imelala."

Wa tatu, Bi Somoe mpambaji wa hina, alicheka hadi akakaa chini. "Nyie wanaume kubana tu! Ipeni nafasi ipumue." Akaipaka punje utando wa ubani, akairudisha kati ya dhahabu. Utando mwembamba mno: giza. Akapaka mnene: mwanga ukatawanyika tena. Akapaka wa kadiri, wakampelekea Malkia na sindano yake. Lo! Mwanga ukazidi mara mia, ukaruka mstari mmoja, pyuu, tunduni! Malkia akatunga uzi, akapiga kigelegele mwenyewe.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Bila punje yangu mngebana nini? Hewa?" akasema Shekuwe.

"Punje bila dhahabu ni kimulimuli mgonjwa," akajibu Fumo.

"Mlikuwa navyo vyote viwili," akasema Bi Somoe, "na mlikuwa gizani."

Ijumaa ikafika. Mpiga siwa kasimama njia panda, mashavu yamejaa pumzi, mabibi harusi watatu wanamchungulia madirishani, macho yameanza kumtoka. Haya, wenzangu, semeni upesi kabla hajapasuka: apulize mlangoni kwa nani?