Sahani ya Idd ya Bi Mize

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana nyote mlivaa barakoa mwaka huo, alikuwapo Bi Mize. Maradhi yalimchukua mumewe ndani ya Ramadhani. Akazikwa na watu asiowajua, na Bi Mize hata uso wa mumewe hakuonyeshwa. Akakaa eda peke yake, mlango umefungwa kwa msiba na kwa maradhi.

Ikaja Idd. Makame, mwanawe, mtumishi wa hospitali, alifika akasimama mbali na dirisha. Aliogopa kumletea mama yale maradhi ya wodini. Akamuuliza hali, Bi Mize akasema hajambo. Makame akaenda zake.

Kazija, mdogo wake Bi Mize, akawa anapiga simu kila siku. Akamsimulia nguo za Idd na vituko vya wajukuu. Msiba hakuutaja, asije akamliza. Bi Mize alitamani sana kulia, lakini akasema hajambo.

Bi Time, jirani, akaweka sahani ya pilau kizingitini, akapiga hodi, akakimbilia kwake. Bi Mize akaitazama ile pilau. Roho haikutaka chakula. Alikuwa amechoka kuishi, basi. Akawapa paka. Lakini sahani ya jirani hairudishwi tupu, ndiyo mila yao. Akaiosha, akaijaza tende, akaiweka nje. Bi Time alipoziona tende akamshukuru Mungu kwamba mwenzake anakula, tena ana nguvu za kukirimu.

Sikukuu nzima sahani ikaja na chakula, ikarudi na tende. Kisha tende zikaisha. Sahani ilipolala kizingitini na wali wake, Bi Time akawaita Makame na Kazija, wakavunja mlango. Bi Mize alikuwa hai, kakaa sakafuni, macho ukutani. Mpaka leo hasemi.

"Mimi nilimkinga," akasema Makame. "Ningeingia, ningemuua."

"Mimi nilizungumza naye kila siku," akasema Kazija. "Nani mwingine aliisikia sauti yake?"

"Mimi nilimpikia," akasema Bi Time, huku analia. "Na tende zake nikazila kwa furaha."

Kazija akamgeukia mgonjwa. "Na wewe, dada, kwa nini ulituambia hujambo?"

Haya, nyinyi mlionisikiliza. Wote walimpenda, na wote walifika mlangoni pake. Je, ni nani aliyemwacha?